Nakwenda Vietnam mwezi wa kumi, vitamu gani vya kwao nisiache kuonja?

Mpenda_Vileja (Tanga)

Wakuu salaam. Mimi na mzee wangu tumejichanga weee mpaka tiketi zimepatikana, mwezi wa kumi tunaenda Vietnam inshallah. Tunapitia Doha, tunashukia Hanoi, halafu treni mpaka Huế, kisha Hội An, tunamalizia Saigon ndo turudi nyumbani. Sasa kila nikifungua YouTube ni supu ya pho na ile mikate yao, supu na mikate, mpaka nimechoka. Mimi ni mtu wa vitamu bana, nikila wali bila kushushia na kitu cha sukari naona kama sijala. Nasikia kuna kitu kinaitwa che, mmoja ananiambia ni uji, mwingine juisi, mwingine anasema ni maharage, sasa nimeshindwa kuelewa.

Aliyefika au anayeishi kule anieleze mji upi una nini, vinauzwa wapi na saa ngapi, bei zikoje. Na la muhimu zaidi, sisi Waislamu, nataka nijue mapema wapi kuna nguruwe au kileo kimejificha, maana kwenye nyama mtu unauliza, kwenye keki nani anakumbuka kuuliza? Na keki za hotelini msinitajie kabisa, hizo hata hapa Tanga zipo.

---

Kasuku_wa_HoTay

Dada karibu, hapa umefika. Mimi nimesoma Hanoi, na boom (pesa ya kujikimu ya chuo) likikata vitamu vya mtaani ndo vilikua vinanilea, unakula che jioni na siku inaisha.

Kwanza sahau habari ya kumaliza wali halafu kitamu kinaletwa mezani. Kule ukimaliza kula utaletewa matunda, basi. Vitamu vina muda wake, kuanzia kama saa tisa alasiri watoto wakitoka shule mpaka usiku wa saa nne hivi, na vina watu wake, yani anayeuza che anauza che tu, ukimuuliza pho anakushangaa. Vistuli vya plastiki vifupi hivyo pembeni ya barabara, mzee wako kama ana miguu mirefu ajiandae magoti yatamfika kidevuni.

Majina nakuandikia na alama zake zote ili ukayaoneshe kwenye simu, maana ukitamka kwa mdomo wetu huu hawakuelewi hata ujitahidi vipi.

Chè sio kitu kimoja. Ni karibu kila kinachochemshwa kikatiwa sukari: choroko, maharage meusi, kunde, mahindi, ndizi, muhogo, mbegu za yungiyungi, ganda jeupe la balungi, kila moja na chè yake. Ndo maana kila mtu alikuambia chake na wote hawajakudanganya. Nyingine ya moto kwenye bakuli, nyingine inamwagiwa barafu ya kusagwa kwenye glasi. Muuzaji anapanga masufuria au mabakuli mbele yake we unaonesha kidole tu. Ukishindwa kuchagua omba chè thập cẩm, anakuchanganyia kidogo kidogo ya kila kitu. Bei ya mtaani nyingi zinacheza kwenye dong elfu 20 mpaka 30, na dola moja ni kama elfu 26 hivi, so unakula kwa dola moja hivi.

Sasa mwezi wa kumi una bahati nao kweli kweli, maana ndo msimu wa cốm (soma kama "kom"). Wanavuna mpunga unaonata ungali mchanga, punje bado ina maziwa ndani, wanaukaanga kavu kwenye chungu kwa moto mdogo, wanautwanga, wanapeta, wanatwanga tena, wanapeta tena, mpaka unakua bapa, laini, kijani. Wa kijiji cha Vòng, ambacho siku hizi kimeshamezwa na jiji, ndo una jina kubwa. Utawaona kina mama na mizigo ya begani au baiskeli wanauza umefungwa kwenye jani la yungiyungi. Unakula hivyo hivyo kwa vidole polepole, au unachovya ndizi mbivu humo. Hiyo cốm freshi ya siku ile ile USIIKOSE, kesho yake ishakua ngumu.

Kuna pia bánh cốm, hiyo cốm imepikwa na sukari ikawa kama donge la kijani linalovutika na katikati kuna choroko iliyopondwa na nazi. Mtaa wa Hàng Than maduka yake yamepangana. Kule hiyo ni zawadi ya posa, upande wa mwanaume wanaibeba kupeleka kwa kina binti, ndo maana viboksi vyake vya karatasi vimepambwa vile.

Halafu zunguka ziwa la Hoàn Kiếm usiku muende Tràng Tiền mkale aiskrimu ya kijiti. Duka lipo tangu 1958, ladha ya cốm na ya nazi ndo zangu, hizo nyingine za kawaida tu. Watu wanakula wamekaa juu ya pikipiki zao hata wakati wa baridi.

Na tào phớ, soya iliyogandishwa laini kama maziwa mgando, inakatwa vipande vyembamba na kumwagiwa maji ya sukari yenye harufu ya asumini. Hii uifatilie safari nzima, maana ukishuka kati inakua ya moto na tangawizi, ukifika Saigon wanatia na tui la nazi na jina linabadilika inaitwa tàu hũ. Nchi nzima utaijua kwa hiyo bakuli moja.

---

Jino_Bovu

Mimi nilienda kikazi. Mwenyeji kaninunulia glasi ya che, nachota juu barafu, nachota chini MAHARAGE. Ya sukari. Ya baridi. Niliomba soda jamani 😂 maharage Mungu kayaumbia chumvi na kitunguu

---

Kasuku_wa_HoTay

@Jino_Bovu we ulipewa chè đậu đen ukakata tamaa mapema. Na ubaya wako hukukoroga, ile inakorogwa mpaka chini ndo inakua tamu. Unachota juu juu kama unaogopa 😂

---

bintiKibokoni (Mombasa)

Ndugu yangu wa Tanga asalaam aleikum. Hilo swali la nguruwe umeuliza la maana sana, hebu nikueleze vizuri maana mimi nilikwenda na watoto na hili ndilo lilinishughulisha safari nzima, na wengi wakikwambia "vitamu ni ndengu (nyinyi mwaita choroko) na nazi tu kula" wanakosea.

Che nyingi kwa kweli ni salama, ni nafaka, matunda, sukari na tui. Lakini Huế mnakopitia kuna moja yaitwa chè bột lọc heo quay, ni tuvidonge twa unga wa muhogo, waona tunang'aa kama shanga kwenye maji ya sukari, na ndani ya kila kidonge kuna kipande cha nguruwe wa kuchoma. Ndani ya kitamu! Wallahi ni chakula chao cha sifa, kinahusishwa na mapishi ya kifalme ya huko, wala hawafichi. Shida ni kuwa kuna ndugu yake, chè bột lọc ya nazi au ya njugu, na kwa macho yafanana kabisa. Kwa hivyo Huế usioneshe kidole tu kama alivyokwambia kaka hapo juu, uliza kwanza.

La pili ni mafuta. Zile keki za sherehe ya mwezi, bánh trung thu, sherehe yao ni siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao kwa hivyo huangukia Septemba au mwanzo wa Oktoba, mkifika huenda mukazikuta zauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi zina vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyolowekwa sukari, na nyingine nyama. Bánh pía ya Sóc Trăng pia, duriani na yai la chumvi ndani lakini ule unga wake wa matabaka kwa asili hukandwa na mafuta ya nguruwe. Hata ile keki kavu ya ndengu ya Hải Dương, bánh đậu xanh, kile kijipande cha mraba chayeyuka mdomoni, watu huipenda kuja nayo kama zawadi, nayo asili yake ni mafuta hayo hayo. Kuna kampuni siku hizi zatumia mafuta ya mimea, soma boksi.

La tatu kileo. Kuna mchele wa kunata waliouchachusha kwa hamira yao, cơm rượu, ukiuonja tu wajua. Huo ni rahisi kuuepuka. Ila Hanoi kuna mtindi na mchele mweusi, sữa chua nếp cẩm, picha zake zapendeza sana kwa ile zambarau, na huo mchele mara nyingi umechachushwa vivyo hivyo. Mimi niliupita.

Sasa jambo la kurahisisha: tafuta neno CHAY. Ni chakula cha Wabudha wasiokula nyama, hakina mnyama ndani wala mafuta ya mnyama, na siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi wao watu wengi hula hivyo kwa hivyo utakuta vibao kila pahali. Kileo hakuna dhamana, lakini nguruwe umemaliza. Jeli zao pia nyingi ni za mwani, rau câu, si za mifupa. Isipokuwa chè khúc bạch, vile vipande vyeupe vya maziwa vyaganda kwa jelatini, hiyo mimi siili.

Na msikiti upo. Hanoi ni Al-Noor mtaa wa Hàng Lược, mji mkongwe hapo hapo, wafanyabiashara wa Kihindi waliujenga 1890. Saigon ni mtaa wa Đông Du, wa 1935, na ukitoka kuswali mikahawa ya halali iko mlangoni.

---

Mzee_wa_Wete

Hiyo kom anayoieleza kijana hapo juu ni pepeta. Mpunga mchanga, unakaangwa, unatwangwa unakua bapa, unapetwa. Sisi Pemba tunaijua tokea kwa mabibi zetu, nyinyi Tanga mnaijua vile vile, sasa hivi tu watu wamekua wavivu wa kutwanga. Wenzetu wameitia kwenye aiskrimu wameitia kwenye posa na wameipa mji mzima kuisubiri kila mwaka, sisi tumeiacha.

Na hiyo jeli ya mwani, mwani tunaulima sisi huku Zanzibar tokea miaka ya themanini mwishoni, unakaushwa unatiwa kwenye magunia unaenda nje. Jeli ya mwani ya kuuza mtaani kwetu mtu aitafute na tochi.

---

Mpenda_Vileja (Tanga)

Shikamoo mzee wangu @Mzee_wa_Wete, yani nimesoma maelezo ya kom nikasema mbona kama pepeta, nikadhani ni mimi tu. Bibi yangu Pangani alikua anatupikia na nazi na sukari.

@bintiKibokoni Allah akulipe kheri dada, hiyo ya Huế ingenipata mimi, maana vitu vinavyong'aa ndo huwa navikimbilia. Hiyo kahawa ya yai vipi, naona watu wanaiposti sana?

---

Kasuku_wa_HoTay

Cà phê trứng. Asili yake hapo hapo Hanoi, 1946, mzee mmoja Nguyễn Văn Giảng alikua mhudumu wa baa kwenye hoteli ya Metropole, maziwa yalikua adimu kipindi kile akapiga kiini cha yai mpaka likaumuka akaweka juu ya kahawa badala ya maziwa. Mkahawa wa familia yake bado upo. Siku hizi wanapiga na maziwa mazito ya kopo, inakua povu zito la njano tamu balaa, kikombe kinakuja kimekaa ndani ya bakuli la maji moto kisipoe. Mimi naihesabu kitamu sio kahawa, unakula na kijiko. Yai ni kama bichi lakini, kama tumbo lako sio la kuaminika kunywa siku ambayo husafiri.

Karameli yao pia (caramen, kusini wanaita bánh flan) ni urithi wa Mfaransa, wanaiwekea barafu na kahawa nyeusi juu. Nzuri ila sio ya kufungia safari.

---

mama_tui_zito

Jamani mbona mmeng'ang'ania Hanoi. Mtu wa pwani raha yake iko KUSINI. Mimi nipo Saigon na mume wangu anafanya kazi huku na nawaambia kaskazini vitamu vyao vina adabu sana, maji ya sukari mepesi, mbegu mbili tatu, umemaliza. Kusini ni nazi, nazi, na nazi, mpaka mkono unanata.

Dada, ukifika huku anza na chè bà ba. Ni muhogo, viazi vitamu, magimbi, na choroko vimepikwa kwa tui na sukari. Ukifunga macho ni futari, ile ya kwetu ya viazi vya nazi, Ramadhani ya kwanza huku ndo nilikua naifungulia hiyo kila siku na sikuhisi kupungukiwa kitu. Wanaongeza majani ya pandani kwa harufu mahali ambapo sisi tungetia iliki. Halafu chè chuối, ndizi mbivu kwenye tui na punje za tapioka, juu wanamwaga ufuta au karanga zilizokaangwa, na hiyo karanga ndo inafanya kazi yote, ukipewa bila karanga dai.

Keki za sokoni msiziache, nenda soko lolote asubuhi (hizi sio za jioni, saa nne zishapungua) utakuta mama kapanga matrei. Bánh bò, ya mchele iliyoumuliwa, ukiikata ina vitundu vitundu, hiyo ya An Giang wanatia sukari ya mti wa mvumo inakua ya njano na harufu yake sijui nikuelezeje, na kule An Giang ndo kuna Waislamu wa Kicham wengi so mkipata nafasi ya kwenda Châu Đốc mtakula kwa amani kabisa. Bánh da lợn, matabaka ya kijani na njano, pandani na choroko, imepikwa kwa mvuke, unabandua tabaka moja moja kama mtoto. Hilo jina lina nguruwe lakini ndani hamna nguruwe, ni unga, nazi na sukari, msije mkaikimbia bure. Bánh chuối nướng, ndizi na mkate na nazi imeokwa, nzito, kipande kimoja kinatosha watu wawili ila hamtagawana.

Usiku muende mtaa wa Nguyễn Tri Phương mkale chè Thái, matunda, jeli za rangi, maziwa, na duriani juu. Duriani au mnaipenda au mnatoka mbio. Hakuna katikati. Na msiingie nalo hotelini, nyingi wameweka kibao mlangoni cha kukataza na harufu haifichiki hata ulifunge kwenye nailoni kumi.

Njiani Đà Nẵng kabla ya Hội An kuna kem bơ soko la Bắc Mỹ An, parachichi limesagwa, juu aiskrimu ya nazi na nazi kavu iliyokaangwa. Najua Watanzania juisi ya parachichi mnaijua lakini hii ni kitu kingine.

---

Jino_Bovu

@mama_tui_zito ungekua ndo mwenyeji wangu mimi nisingetoka na soda

---

Mpenda_Vileja (Tanga)

Nimecheka peke yangu mpaka mzee ananiuliza unacheka na nani 😂 haya nimeandika vyote kwenye daftari. Hội An vipi kwa vitamu au nikashone nguo tu? Na vya kubeba mje mniambie, nina wifi watatu wa kuwaridhisha na kila mmoja na ulimi wake.

---

bintiKibokoni (Mombasa)

Hội An usiache chè bắp, mahindi machanga yamepikwa yakawa mazito na tui juu, mahindi yenyewe hulimwa kisiwani Cẩm Nam, wavuka daraja tu kutoka mji mkongwe. Na kuna uji mweusi wa ufuta, xí mà, watu wa asili ya Kichina ndio walioanza kuuza hapo, huo ni wa asubuhi. Nguo pia shona, lakini shona siku ya kwanza ili wawe na muda wa kurekebisha.

---

mama_tui_zito

Vya kubeba: cốm na bánh cốm sahau, bánh cốm siku tatu nne ishaharibika na nyie Hanoi ndo mnaanzia. Chukua kẹo dừa, peremende za nazi za Bến Tre (mkoa wenyewe waliuunganisha na Vĩnh Long 2025 lakini peremende jina halijabadilika). Mkifanya ile safari ya boti mto Mekong watawapitisha tu karakana zao mtaona wanavyozikoroga na kuzikata, kula ya moto pale pale. Nyingine zimevikwa karatasi nyembamba ya mchele inaliwa nayo, waambie wifi wasiibandue wakadhani umeleta zilizogandiana. Zinakaa muda mrefu, kwa kawaida hazina mafuta ya mnyama, ila soma ladha maana kuna za duriani, na sanduku lako lina nguo.

Mứt dừa pia, nazi mbichi imekatwa utepe ikakaushwa na sukari. Inauzwa zaidi kukaribia mwaka mpya wao lakini soko la Bến Thành hapa Saigon iko mwaka mzima, bei ya kwanza anayokutajia mgawie kwa mbili ndo uanze kuongea.

---

Mpenda_Vileja (Tanga)

Mmenimaliza. La mwisho kabisa, nikitaka kuuliza "kuna mafuta ya nguruwe?" niandike nini kwenye simu?

---

bintiKibokoni (Mombasa)

Kaskazini andika: Có mỡ lợn không? Ukifika kusini, na Huế pia: Có mỡ heo không? Ya nyama badala ya mỡ weka thịt. Akijibu "không" hakuna, akijibu "có" iko, usile, nenda kwa mwingine. Na ukitaka sukari ipungue mwambie ít đường, ijapokuwa kwa nilivyokusoma hiyo hutaihitaji.